Kasi ya Mtandao katika Kompyuta Kuukuu: Kupima Kabla ya Kuhukumu

Katika vyuo vyetu vya ualimu imezoeleka sentensi moja ambayo husikika kila mara wanachuo wanapoketi mbele ya kompyuta na kungoja: "Mashine hizi zimechoka." Mwenye kuisema huwa hakuangalia saa, hakuuliza ni kiasi gani cha data kilichokuwa kikisafiri, wala hakuijaribu mashine iliyo jirani. Hata hivyo hukumu yake hupokelewa, na baada ya mihula miwili mitatu mashine hubebwa hadi ghalani zikarundikwa juu ya madawati yaliyovunjika. Makala haya yana shabaha ya kuipinga desturi hiyo. Twashikilia kwamba neno "polepole", likitamkwa na mwalimu bila tarakimu, halijasema jambo lo lote linaloweza kushughulikiwa. Na kwamba kompyuta kuukuu iliyounganishwa na mtandao ni miongoni mwa zana bora za kufundishia upimaji tulizo nazo, pengine kwa sababu hiyo hiyo kwamba haiendi mbio.

Hatusemi haya kwa kutaka kumgeuza mwalimu wa shule ya msingi awe fundi wa mitambo. Sababu yetu ni ya kawaida zaidi. Mwanachuo atakayepangiwa kazi shuleni aghalabu atakuta kompyuta chache za umri mbalimbali, baadhi zikiwa zimetumika kwingine miaka mingi kabla ya kutolewa kama msaada, na hapana fundi aliye karibu. Fundi akiitwa kutoka mjini, nauli na posho yake hutoka katika mfuko ule ule unaonunua chaki. Ikiwa kosa lilikuwa waya mmoja, fedha hizo zimepotea mara moja. Ikiwa shule imeshauriwa kulipia kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti ilhali kizuizi kiko ndani ya chumba, zitapotea kila mwezi.

Tuanze na kile kinachopimwa. Kasi ya mtandao ni kiasi cha data kilichofika, kikigawanywa kwa muda uliotumika kukifikisha. Ni hesabu ile ile ya mwendo ambayo watoto huifanya kwa basi litokalo Dodoma kwenda Morogoro; tofauti iko katika kizio. Watengenezaji wa kadi za mtandao na kampuni za simu hutaja kasi kwa biti, ilhali kompyuta inaponakili faili huonyesha baiti, na baiti moja ni biti 8. Katika maandishi tofauti ni ya herufi moja tu, b ndogo kwa biti na B kubwa kwa baiti, nayo herufi hiyo imewagombanisha watu wengi na wauzaji wao bila sababu.

Tuchukue mfano. Kadi ya mtandao imeandikwa megabiti 100 kwa sekunde. Tukigawa kwa 8 tunapata megabaiti 12.5 kwa sekunde. Lakini data haisafiri uchi: hukatwa vipande, na kila kipande hufungwa ndani ya bahasha yenye anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Katika kipande cha kawaida kinachotumia baiti 1,538 za nafasi ya waya, baiti 1,460 tu ndizo mzigo wenyewe, yaani takriban asilimia 95. Kwa hiyo kadi hiyo, ikiwa nzima kabisa na waya wake mzima, itafikisha karibu megabaiti 11.8 kwa sekunde na si zaidi. Faili la megabaiti 700, ambalo ni ujazo wa diski moja ya CD, litachukua kama dakika moja. Asiyejua tofauti ya biti na baiti atatazamia sekunde 7, na baada ya sekunde 20 atatangaza kwamba mashine imechoka. Kompyuta yenye kadi ya zamani zaidi ya megabiti 10 itahitaji dakika 10 kwa faili lilo hilo, nayo itakuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu kamili. Ni dhahiri basi kwamba kabla ya kulaumu hatuna budi kujua mashine iliahidi nini.

Namna ya kupima yafaa iwe rahisi kiasi cha kufanywa na watoto wa darasa la sita. Chagua faili moja kubwa lisilobadilika, ulihifadhi kwa kazi hiyo tu. Linakili kutoka kompyuta moja hadi nyingine iliyo katika chumba hicho hicho, zote zikiwa zimechomekwa katika swichi moja, bila kuihusisha intaneti kamwe. Tumia saa ya mkononi, wala usiamini ule mstari unaosogea kwenye kioo, maana huo hukisia na mara nyingi hubadili makisio yake njiani. Rudia mara tatu na kuandika matokeo yote matatu, kisha uchukue lile la katikati. Mara ya pili na ya tatu huenda zikawa na kasi kuliko ya kwanza kwa sababu kompyuta imekwisha liweka faili katika kumbukumbu yake na haliendei tena katika diski. Mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe, usimwahi kwa maelezo. Tena usipime kwa folda lenye picha ndogo elfu moja. Kila faili dogo lina utaratibu wake wa kufunguliwa na kufungwa, na utakuwa umepima utaratibu huo badala ya waya.

Matokeo yakiwa chini ya kile kilichoahidiwa, ndipo utafutaji unapoanza. Hapa twapenda mfano wa watoto waliojipanga mstari kutoka kisimani hadi bustani ya shule wakipokezana ndoo. Maji yatafika kwa kasi ya mtoto mmoja tu, yule mzito kuliko wote, hata wengine wawe wepesi namna gani. Data nayo hutoka katika diski, ikapita njia za ndani ya kompyuta, ikaingia katika kadi, waya, swichi, waya mwingine, kadi nyingine, hadi diski ya pili. Swali la mpimaji ni moja: mtoto mzito ni yupi? Na njia ya kumpata ni kumwondoa mmoja mmoja katika mstari, wala si kuwabadilisha watatu kwa pamoja kisha kushangilia kwamba maji sasa yanafika upesi. Abadiliye waya na swichi na kadi kwa siku moja ameponya asichokijua, na siku ugonjwa ukirudi hatakuwa na la kufanya.

Ipo programu ya bure iitwayo iperf ambayo hurahisisha sana kazi hiyo. Hutuma data kutoka kumbukumbu ya kompyuta moja hadi kumbukumbu ya nyingine bila kuzigusa diski. Ikiwa iperf yaonyesha megabiti 94 kwa sekunde ilhali kunakili faili kunakwenda kwa megabaiti 3, basi waya hauna hatia, na yatupasa kuitazama diski. Katika kompyuta kuukuu jambo hili hutokea zaidi ya wanavyodhani watu. Windows XP, kwa mfano, ilikuwa na tabia ya kuhesabu makosa ya diski; makosa ya namna fulani yakitimia sita, huishusha njia ya kusafirishia data hatua moja, na yakiendelea huishusha tena, mpata ifikie njia ya kale ambamo prosesa yenyewe hulazimika kubeba kila kipande. Njia hiyo haivuki megabaiti 16.7 kwa sekunde hata mambo yakienda vizuri kabisa, nayo humshughulisha prosesa hata asiweze kazi nyingine. Mtumiaji huona mtandao mzito. Mtandao haumo katika kesi hiyo.

Kadhalika mtu huweza kununua kadi mpya ya gigabiti 1 na kuichomeka katika kompyuta ya mwaka 2002, kisha akakasirika. Tundu la PCI la mashine hiyo lina njia ya biti 32 inayopiga mara milioni 33 kwa sekunde. Zidisha, ugawe kwa 8, nawe utapata karibu megabaiti 133 kwa sekunde, ambazo kadi zote zilizochomekwa katika njia hiyo hugawana. Gigabiti 1 ni megabaiti 125 kwa upande mmoja tu. Adapta ya waifai iliyochomekwa katika tundu la USB la aina ya kwanza nayo haitapita megabiti 12, hata kama juu ya kasha lake pameandikwa 54. Hizo ndizo mashine ambazo kweli haziwezi, na twalisema hilo waziwazi. Lakini tumelijua kwa hesabu, wala si kwa kuchoka kungoja.

Twataka sasa kukaa kidogo juu ya waya, kwa sababu ndani yake mna funzo ambalo mwalimu hatalipata katika kitabu cha kompyuta. Waya wa mtandao una nyuzi 8 zilizosokotwa mbili mbili kuwa jozi 4. Msokoto huo si mapambo. Ndio unaozuia sauti ya jozi moja isiingie katika jozi nyingine. Katika mpangilio wa kawaida wa plagi, uzi wa kwanza na wa pili ni jozi, wa nne na wa tano ni jozi, wa saba na wa nane ni jozi, lakini wa tatu jozi yake ni wa sita. Fundi asiyelijua hilo huzipanga jozi kwa kufuatana: wa kwanza na wa pili, wa tatu na wa nne, wa tano na wa sita, wa saba na wa nane. Mpangilio wake ni nadhifu, na upande wa pili wa waya ameufanya vivyo hivyo. Kisha huchukua kile kifaa kidogo cha kupimia chenye taa nane, na taa zote huwaka moja baada ya nyingine. Hukabidhi kazi, akalipwa, akaenda zake.

Waya huo ni mbovu. Nyuzi ya tatu na ya sita, ambazo kompyuta huzitumia kama jozi moja, sasa zimesokotwa kila moja na mgeni. Katika waya mfupi huenda usione kitu. Katika waya mrefu unaozunguka ukuta wa darasa, vipande vya data huharibika njiani na kutumwa upya, na kasi huanguka ovyo. Taa nane hazikusema uongo. Ziliulizwa kama umeme unapita kutoka ncha hii hadi ncha ile, zikajibu kwamba unapita. Hazikuulizwa kama jozi zimetunzwa. Ni sawasawa na mwalimu anayempa mtoto kisa akisome kwa sauti, na baada ya kusikia matamshi safi akaandika katika daftari lake kwamba mtoto ameelewa habari. Wanachuo wengi huusikia uhalali wa jaribio ukielezwa katika saikolojia ya elimu na kuukariri kwa ajili ya mtihani. Sisi twaona kwamba nusu saa na waya uliokosewa jozi, kifaa chenye taa nane na saa moja ya mkononi, ingewaingizia maana yake barabara zaidi.

Upo ugonjwa mwingine unaofanana na huo kwa udanganyifu wake. Kadi ya mtandao na swichi zinapokutana, huafikiana kwanza juu ya kasi, na juu ya kama zitazungumza zote kwa pamoja au kwa zamu. Ikiwa mtu amekwenda katika mipangilio ya upande mmoja na kulazimisha mazungumzo ya pamoja, upande wa pili, usiposikia mapatano yo yote, huweza kuitambua kasi lakini huchagua kuzungumza kwa zamu, na ndivyo kanuni inavyoutaka ufanye. Hapo upande mmoja husema wakati wo wote upendao, na wa pili hudhani kila mara kwamba amekatizwa maneno. Taa huwaka. Programu ya ping, inayotuma salamu fupi na kuhesabu muda wa jibu kurudi, haioni tatizo. Lakini peleka faili kubwa, nayo itatambaa kama konokono. Dawa ni kurudisha pande zote mbili katika kuafikiana zenyewe, kazi ya dakika mbili isiyo na gharama. Mashine ngapi zimetupwa kwa kosa hili hatuwezi kukisia, ila twajua kwamba mwenye kupima kwa salamu fupi peke yake hataliona kamwe.

Juu ya waifai tutasema machache. Aina ya mwaka 1999 iliyoandikwa megabiti 11 hutoa kiasi cha nusu yake katika matumizi, na hewa ni moja kwa wote: kompyuta moja ya aina hiyo ikiwa darasani, hushika zamu kwa muda mrefu kila inapozungumza, na zile mpya huingoja. Palipo na waya, tumia waya.

Intaneti ya nje ya shule ina jambo lake, nalo ni umbali. Mpaka mkongo wa SEACOM ulipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya intaneti na nchi za mbali ilipitia setilaiti zilizosimama juu ya ikweta, kiasi cha kilometa 36,000 kutoka ardhini. Na zipo shule za mbali ambazo hadi leo hutegemea setilaiti za aina hiyo. Wape watoto hesabu: ombi hupanda kilometa 36,000 na kushuka, jibu hupanda na kushuka, jumla kilometa 144,000, na mawimbi husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde. Jibu ni karibu nusu sekunde, kabla mtambo wo wote haujachelewesha lo lote. Sasa, kompyuta zilizofuata kanuni ya awali ya TCP ziliruhusiwa kutuma baiti 65,535 tu kabla ya kusimama na kungoja risiti ya mpokeaji. Ikiwa risiti huchukua sekunde 0.6 kurudi, faili moja haliwezi kuvuka biti 874,000 hivi kwa sekunde, hata shule ikilipia megabiti 20. Nyongeza ya kurekebisha hilo ilichapishwa mwaka 1992, lakini kompyuta nyingi ziliendelea miaka mingi bila kuitumia ipasavyo. Windows ilianza kuukuza mpaka huo yenyewe kwa toleo la Vista. Mwalimu mkuu anayeshauriwa kununua kifurushi kikubwa katika hali hiyo hushauriwa kununua ndoo kubwa kwa ajili ya mtoto ambaye tatizo lake ni urefu wa njia. Jaribu kupakua mafaili mawili kwa pamoja: ikiwa kila moja litapata kasi ile ile ya awali, kifurushi kina nafasi, na kizuizi kiko kwingine.

Mara nyingine kupakua faili huenda vizuri lakini kurasa za tovuti hufunguka kwa taabu. Hapo kasi ya mtandao haina kosa. Ni prosesa na kumbukumbu zinazoelemewa, kwa kuwa kurasa za siku hizi ni nzito kuliko zile ambazo mashine hizo zilitengenezewa. Hapa pia twatoa onyo: Windows XP iliacha kupewa marekebisho ya usalama mwaka 2014, na Windows 7 mwaka 2020. Mashine za namna hiyo zitumike katika mtandao wa ndani ya chumba kwa masomo ya kupima, au ziwekewe toleo jepesi la Linux, lakini zisiachwe wazi kwa intaneti.

Wako wakufunzi wenzetu wanaotujibu kwamba muda wa mwanachuo ni mfupi, na kwamba hayo yote ni ya vyuo vya ufundi. Twauheshimu wasiwasi wao kuhusu muda. Lakini twawauliza: kipindi cha upimaji katika hisabati hufundishwa kwa nini hasa, ikiwa si kwa kupima? Tumeona maandalio ya somo ambamo wanachuo huchora rula ubaoni na kuwataka watoto wasome urefu wa mistari iliyochorwa pia ubaoni. Mtoto hujua jibu limekwisha wekwa na mwalimu, naye hutafuta kumpendeza. Kasi ya kompyuta mbili zilizo mezani hakuna aijuaye kabla ya kupima, mwalimu mwenyewe akiwemo, na hilo hubadilisha kabisa hewa ya darasa. Wengine husema serikali na wahisani walete mashine mpya. Waje nazo, karibu sana. Mashine mpya iliyochomekwa katika waya uliokosewa jozi itakwenda kwa mwendo ule ule wa ile iliyotupwa.

Tunalopendekeza ni dogo. Kila kompyuta ya chuo iwe na daftari lake lililofungwa mezani kwa kamba. Ukurasa wa kwanza uandikwe kile ambacho mashine iliahidi: kadi ya megabiti ngapi, tundu la aina gani, diski ya mwaka gani. Kurasa zifuatazo ziwe na tarehe, saa, faili lililotumika, sekunde za majaribio matatu, na jambo moja tu lililobadilishwa tangu kipimo kilichopita. Wanachuo walijaze kwa zamu kila mwezi, na watakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha wapewe kazi ya kuanzisha daftari kama hilo palipo na kompyuta, hata ikiwa ni mbili. Fundi akiitwa, apewe daftari kabla hajapewa bisibisi. Na ikiwa, baada ya yote, tarakimu zitaonyesha kwamba mashine haifai tena mtandaoni, iondolewe kwa amani ikafanye kazi ya kuchapa mitihani. Lakini kadi yake ya mtandao ing'olewe kwanza na kuwekewa karatasi yenye kasi iliyopimwa na tarehe, maana kadi iliyothibitika kuwa nzima itahitajika katika mashine nyingine kabla muhula haujaisha.